Jeki ya Gari la Uvungu Mfupi

Gari la uvungu mfupi ni lile ambalo sehemu yake ya chini kabisa iko sentimita 16 au pungufu kutoka ardhini. Magari ya michezo yenyewe, kama Toyota 86 yenye uvungu wa milimita 130, ni nadra kuonekana mkoani Mara. Yanayoonekana kila siku ni jamaa zake: Toyota Mark X, Crown Athlete na Altezza, pamoja na Subaru Impreza na Legacy, magari yaliyotumika Japani kabla ya kuletwa nchini Tanzania na ambayo madereva huyaita kwa kifupi magari ya chini. Katika mji wa Bunda, ulioko kwenye barabara kuu ya Mwanza–Musoma, magari hayo hutumia lami moja na Land Cruiser zinazokwenda lango la Ndabaka la Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, Hiace za abiria, na zile Probox zinazojulikana Kanda ya Ziwa kama michomoko. Gereji moja huyapokea yote, na mara nyingi jeki ni moja. Kwa kawaida jeki hiyo ilinunuliwa kwa kuifikiria Land Cruiser. Ikija Mark X, jeki hugota kwenye bampa kabla haijafika mahali pa kunyanyulia.

Jeki inayozungumziwa hapa ni ile ya magurudumu, inayosukumwa sakafuni na kupigwa kwa mpini mrefu. Nguvu yake hutoka kwenye mafuta. Blaise Pascal wa Ufaransa alieleza katika karne ya 17 kwamba mgandamizo unaowekwa kwenye kimiminika kilichofungiwa husambaa kwa nguvu ileile pande zote. Kwa hiyo pistoni kubwa ambayo kipenyo chake ni mara tatu ya pistoni ndogo, na eneo lake mara tisa, hutoa nguvu mara tisa ya iliyoingizwa. Mpini mrefu huizidisha tena. Joseph Bramah wa Uingereza alipata hataza ya shinikizo la aina hiyo mwaka 1795, na mwaka 1851 Richard Dudgeon wa New York akapata hataza ya jeki ya mafuta inayobebeka. Jeki ya chupa, ambayo madereva wa malori wanaijua vizuri, husimamisha pistoni wima, na kwa sababu hiyo haiwezi kuwa fupi: nyingi huanzia sentimita 18 hadi 20, kimo ambacho hakiingii chini ya gari la chini hata tairi zikiwa na upepo wa kutosha. Jeki ya magurudumu huilaza pistoni na kuifanya isukume mkono wa chuma unaoinuka. Kwa mpangilio huo inaweza kutengenezwa ikawa bapa.

Lakini ubapa hutofautiana. Jeki za kawaida za gereji huanzia kimo cha sentimita 13 hadi 15 zikiwa zimeshushwa kabisa. Zile zilizotengenezwa kwa ajili ya magari ya chini huanzia takriban sentimita 7.5 hadi 10. Kimo hicho huandikwa kwenye lebo sambamba na kimo cha juu na uzito ambao jeki inaruhusiwa kunyanyua, na mnunuzi anatakiwa kuvisoma vyote vitatu. Wengi husoma tani peke yake, kisha wakashangaa gereji.

Kabla ya kwenda dukani, gari lenyewe lipimwe, na lipimwe likiwa katika hali mbaya kuliko zote. Kupima uvungu gari likiwa tupu, tairi nne zimejaa upepo na limesimama kwenye zege, hutoa namba ya kupendeza isiyosaidia siku ya pancha. Tairi la 215/60 R16, linalopatikana kwenye Mark X nyingi, lina ukuta wa milimita 129, yaani asilimia 60 ya upana wake wa milimita 215. Upepo ukiisha, ukuta huo hulala, na kona ya gari iliyopata pancha huweza kushuka sentimita tano hadi nane. Mahali palipokuwa na nafasi ya sentimita 16 hubaki nane au kumi na moja. Buti likiwa na magunia mawili ya mahindi, hupungua zaidi. Njia ya uhakika ni kutoa upepo tairi moja la mbele na baadaye moja la nyuma, gari likiwa limepakiwa kama linavyopakiwa siku zote, kisha kupima kwa rula kutoka ardhini hadi mahali pa kupigia jeki. Jeki itakayonunuliwa iwe chini ya kipimo hicho kwa sentimita mbili hivi, ili ipatikane nafasi ya kipande cha mpira juu ya kikombe chake.

Vipimo hivi hubadilika gari likifanyiwa marekebisho. Wapo wanaokata springi ili gari lilale. Wengi zaidi katika barabara zetu hufanya kinyume: huweka spesa juu ya shokapu ili gari lipande na kuvuka matuta bila kuburuza. Spesa huinua bodi, hivyo jeki iliyokuwa haiingii huanza kuingia. Gari likishafanyiwa lolote kati ya hayo, vipimo vya zamani vitupwe na lipimwe upya.

Kimo cha kikombe hakimalizi habari. Jeki nyingi ni nyembamba mbele tu. Nyuma, kwenye pampu, hupanda ghafla hadi sentimita 15 na zaidi. Ikiwa mahali pa kunyanyulia pako pembeni, chini ya mlango, haina shida, kwa kuwa sehemu nene hubaki nje. Shida huja pale fundi anapotaka kunyanyua mbele yote kwa mara moja, kwa kuweka kikombe chini ya krosimemba inayobeba injini. Krosimemba iko ndani, sentimita 60 au zaidi kutoka kwenye ukingo wa bampa, na bampa la gari la chini huwa limelala. Jeki inayofaa kazi hiyo lazima ibaki bapa kwa urefu wote huo, na mpini wake upate nafasi ya kushuka na kupanda bila kugonga bampa. Dukani, kipimo kichukuliwe kutoka katikati ya kikombe hadi pale fremu inapoanza kunenepa. Ni sekunde chache za kazi, na ndicho kipimo ambacho lebo nyingi hazikionyeshi.

Mahali pa kupigia jeki panajulikana kwa kila gari, na si popote penye chuma. Magari mengi ya Japani yana ukingo wa bati unaoning'inia chini ya milango. Kwenye ukingo huo, nyuma kidogo ya tairi la mbele na mbele kidogo ya tairi la nyuma, kuna vikato viwili vidogo. Kati ya vikato hivyo bati limeongezewa nguvu. Nje ya hapo hupinda, na likishapinda rangi hupasuka na kutu huanza. Kikombe cha chuma kikiwekwa moja kwa moja kwenye ukingo huo huuponda hata mahali penyewe, hivyo hutakiwa mpira wenye mfereji katikati, ukingo uingie kwenye mfereji na uzito ubebwe na bati nene la pembeni. Mpira huo huuzwa, lakini fundi wa katambuga anaweza kuukata kutoka kwenye tairi kuukuu kwa kisu kilekile anachokatia soli, mradi achague kipande kinene na mfereji uwe na kina kuzidi kimo cha ukingo. Sampo ya oili, mikono ya kugeuzia usukani na sakafu ya gari si mahali pa jeki kwa hali yoyote. Kitabu cha gari kwa kawaida kimeandikwa Kijapani, ila michoro yake ya mahali pa jeki haihitaji mkalimani.

Kuhusu tani, hofu ya wengi ni kubwa kuliko inavyostahili. Mark X ina uzito wa takriban tani moja na nusu, na jeki haibebi gari zima. Ikinyanyua mbele yote hubeba zaidi kidogo ya nusu. Jeki ya tani mbili inamtosha mwenye gari hilo na inabaki na akiba. Tani tatu ni kwa ajili ya gereji inayopokea Land Cruiser, na hapo kimo cha juu nacho huingia kwenye hesabu: gari la juu lenye shokapu ndefu huhitaji jeki inayofika sentimita 45 au 50 ili tairi lining'inie. Zipo jeki za tani tatu zinazoanzia sentimita 7.5 hadi 10 na kufika 50. Ni nzito, kilo 35 hadi 45 zikiwa za chuma, na ni ghali kuliko za kawaida. Kwa gereji ya Bunda yenye uwezo wa kununua jeki moja tu, hiyo ndiyo ya kununua. Jeki za aluminiamu ni nyepesi, ile ya tani moja na nusu huwa na kilo 15 hivi, nazo zinamfaa mtu anayetaka kubeba jeki kwenye buti. Lakini hazivumilii kugongwagongwa kama chuma.

Sasa, ardhi. Hili ndilo jambo ambalo maelezo ya jeki yaliyoandikwa ughaibuni huliruka, kwa sababu kule huchukuliwa kwamba kila mtu ana sakafu ya zege, nalo kwa mkoa wa Mara ndilo lenye uzito kuliko mengine yote. Gereji nyingi za mji mdogo ni uwanja wa udongo wenye mti wa kivuli. Kiangazi udongo una changarawe; masika na vuli hulainika. Mahali penye udongo mweusi wa mbuga, kama ule wa uwanda wa Ndabaka, ardhi huvimba ikinywa maji na kupasuka ikikauka, hivyo hata uwanja uliosawazishwa mwaka jana hauko sawa mwaka huu.

Mkono wa jeki ya magurudumu hauinuki wima. Umefungwa kwa bawaba upande mmoja, kwa hiyo kikombe chake huchora tao: kadiri kinavyopanda, husogea kwa sentimita kadhaa kuelekea upande wa mpini. Kwenye zege hakuna anayeliona hilo, kwa maana jeki yenyewe hujisogeza taratibu kuingia chini ya gari, magurudumu yakizunguka, na kikombe hubaki palepale kilipogusa. Kwenye udongo magurudumu hayazunguki. Yamezama, au yamezuiwa na kokoto. Jeki isiposogea, kikombe ndicho kinachosogea: huuvuta ukingo wa bati, huteleza, na gari huporomoka. Anayepiga jeki akiwa ameinama pembeni mwa bampa huliona jambo hili kwa macho akiangalia vizuri. Kwanza kikombe huinama kidogo kuelekea kwake, kisha husikika mlio mfupi wa chuma kukwaruza chuma. Mlio huo ukisikika, jeki ishushwe mara moja.

Jeki ya gari la chini ina udhaifu zaidi katika hili kuliko jeki ya kawaida. Ili iwe bapa, magurudumu yake ya mbele hufanywa madogo na membamba. Gurudumu dogo huzama upesi na husimamishwa na kokoto ndogo. Kwa hiyo anayenunua jeki bapa bila kufikiria mahali itakapofanyia kazi amenunua nusu ya kifaa. Nusu ya pili ni sakafu. Kwa gereji, sakafu hiyo ni bamba la zege la unene wa sentimita 10, lililomwagwa juu ya kokoto zilizoshindiliwa, lenye ukubwa wa kutosha gari moja na nafasi ya jeki kuzunguka. Si lazima uwanja mzima uwekwe zege. Kwa mwenye gari anayefanya kazi nyumbani, ubao mgumu na mnene, mpana kuliko jeki na mrefu kuizidi, unaolala wote juu ya ardhi iliyochongwa ikawa sawa, unatosha. Ubao uliokaa kama daraja juu ya shimo hupasuka. Bati jembamba hujikunja na kuyakamata magurudumu.

Ubao hutatua pia tatizo la uvungu kwa gharama ndogo kuliko jeki mpya. Mbao za inchi mbili kwa sita zinauzwa kila mji wenye duka la mbao. Vipande viwili vya urefu wa nusu mita, vilivyochongwa mshazari upande mmoja, huwekwa mbele ya tairi na gari hupandishwa polepole. Gari hupata karibu sentimita tano, na jeki ya kawaida iliyokuwa imekwama kwenye bampa huingia. Hata tairi lenye pancha linaweza kupandishwa hivyo, kwa mwendo wa kutambaa na kwa umbali huo mfupi tu. Mtu mwenye gari moja la chini na jeki ya kawaida nzima ajaribu mbao kabla hajatoa fedha. Mara nyingi hatahitaji kununua kitu.

Wanaoamua kununua hupata jeki mpya kwenye maduka ya spea ya Mwanza na Dar es Salaam, au zilizotumika. Zilizo chini ya viwango ni nyingi, na rangi nzuri haithibitishi chochote. Lebo ya kuaminika hutaja tani, kimo cha chini, kimo cha juu na kiwango kilichofuatwa. Vinavyojulikana ni ASME PALD cha Marekani na EN 1494 cha Ulaya. Kisha jeki ijaribiwe dukani. Inyanyue gari, lolote lile, sentimita kumi kutoka kwenye hali yake, iachwe kwa dakika kumi na kimo kipimwe tena. Ikishuka, sili zake hazishiki. Vali ya kushushia ifunguliwe taratibu: jeki nzuri huteremsha gari kwa mwendo unaotawaliwa na mkono, mbaya huliangusha. Mafuta yakionekana kuzunguka pistoni, au kulehemu kukiwa na vijishimo na nyufa kwenye mkono wa chuma, mazungumzo ya bei yaishie hapo. Kwa jeki iliyotumika iangaliwe pia skrubu ya vali ya kuzuia kuzidisha uzito. Kiwandani hufungwa kwa kipimo. Ikiwa na alama za bisibisi, kuna aliyeichezea ili jeki inyanyue zaidi ya uwezo wake.

Matunzo hayana mengi. Jeki ihifadhiwe ikiwa imeshushwa, pistoni ndani, ili vumbi lisikwaruze sehemu iliyong'arishwa. Magurudumu na bawaba vioshwe na kupakwa grisi. Mafuta yake ni oili ya haidroliki. Wapo wanaoongeza mafuta ya breki kwa kuwa yako karibu. Mafuta hayo huzivimbisha na kuzilainisha sili za jeki nyingi, na baada ya muda jeki huanza kuzama yenyewe ikiwa imebeba gari. Oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini nayo ina chembe za chuma zinazochimba vali. Jeki inayopigwa bila kupanda vizuri huenda ina hewa ndani: vali ifunguliwe, mpini upigwe mara kadhaa bila mzigo, vali ifungwe, na kiasi cha mafuta kikaguliwe.

Utaratibu wa kunyanyua unafahamika kwa mafundi, ila huachwa kwa haraka ya kazi. Gari lisimame mahali tambarare, breki ya mkono ivutwe, tairi la kona ya mkabala liwekewe kabari mbele na nyuma, na nati zilegezwe kwa wili spana tairi likiwa bado linagusa ardhi. Pancha ikitokea njiani, jeki ya mkasi iliyokuja na gari ndiyo ya kutumika, juu ya kipande cha ubao, na alama za pembetatu zikiwa zimewekwa barabarani. Jeki ya magurudumu ni ya gereji. Kwenye bega la barabara lenye changarawe na mteremko hatari yake ni kubwa kuliko faida.

Jeki hunyanyua. Haishikilii. Kinachoshikilia gari wakati mtu yuko chini yake ni stendi, na hapa ndipo maisha ya vijana wengi wa gereji yanapowekwa rehani bila sababu. Mawe na tofali za kuchoma hutumika kama stendi kwa kuwa havinunuliwi. Tofali hubeba uzito uliosambaa ukutani. Uzito wa gari ukikaa kwenye ncha moja, hupasuka bila dalili ya kuonya. Jiwe la duara huzunguka. Stendi nazo hazilingani: mwaka 2020 kampuni ya Harbor Freight ya Marekani iliwataka wateja warudishe stendi zaidi ya milioni moja, kwa sababu jino lililotakiwa kuzifunga lilikuwa linaweza kuachia zikiwa zimebeba mzigo. Stendi za pini, ambapo chuma kinene hupenya kwenye tundu na kuonekana upande wa pili, ni rahisi kukagua kwa jicho, na kwa gereji yenye mafunzo ya kienyeji ndizo salama zaidi.

Stendi pia ndizo zinazoeleza kwa nini jeki ndefu na bapa ina thamani kwa gari la chini. Kati ya vikato vya ukingo kuna nafasi ya kitu kimoja: jeki ikikaa hapo, stendi hulazimika kutafutiwa mahali pengine penye nguvu. Jeki ikifika kwenye krosimemba mbele, au chini ya difu kwa magari ambayo watengenezaji wake wameruhusu, vikato vya pande zote mbili hubaki wazi na stendi mbili huwekwa kwa pamoja. Kisha gari hushushwa taratibu likalie stendi, husukumwa kwa mkono kuhakikisha halitikisiki, na jeki huachwa chini yake ikiwa imegusa kidogo kama akiba.

Mwenye gari la chini ambaye fedha zake zinatosha kitu kimoja, jeki bapa au stendi mbili, anunue stendi. Jeki ya mkasi aliyonayo kwenye buti na vipande viwili vya ubao vitamnyanyulia gari. Hakuna kilichomo kwenye buti kitakacholishikilia.